Mwanya wa Adelina

Nakumbuka asubuhi moja ya Ijumaa pale Kasulu, ukungu ukiwa bado umelala barabarani, bibi mmoja aliposhuka kwenye bodaboda mbele ya studio yetu ya picha, amevaa kitenge kipya ambacho bado kilikuwa na mikunjo ya dukani. Ilikuwa mwaka 2013. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini, mwanangu, na nilijua kompyuta. Ukitaka kuelewa jinsi kijana wa Kasulu wa wakati ule alivyojisikia akijua kompyuta, mtazame jogoo akiwa juu ya paa.

Mwenye studio alikuwa Mzee Tito, mtu mpole aliyeanza kupiga picha tangu enzi za filamu. Yeye alishika kamera, mimi nikashika kompyuta. Lenzi yake ilikuwa imezeeka na iliacha vidoa vyeusi kwenye kila picha, kama punje za ulezi zilizomwagika. Kazi yangu ilikuwa kuvifuta. Nilizungusha gurudumu la kipanya, picha ikaja karibu, ikazidi kuja, mpaka sura ya mtu ikapotea kabisa na kubaki miraba midogo midogo ya rangi. Hapo ndipo nilipofuta, doa baada ya doa. Niliipenda kazi ile, sikufichi. Uso wa mtu unakuwa shamba na wewe unapalilia, na hakuna anayekusumbua.

Sasa yule bibi. Jina lake Bibi Skola, wa Heru Juu. Alikuwa amemlea mjukuu wake Adelina tangu akiwa mchanga, kwa sababu mama yake Adelina alifariki mapema, na hakuacha hata picha moja. Jumamosi Adelina alikuwa anaolewa na mwalimu wa Kibondo, na Jumapili angepanda basi kwenda kwake. Bibi alitaka kitu kimoja tu: picha kubwa ya mjukuu wake akicheka, ya kutundika ukutani mbele ya kitanda chake. Alhamisi walikuja wote wawili. Adelina ni mtu wa kununa mbele ya kamera, lakini Mzee Tito alivizia mpaka akampata akicheka, mara moja tu. Mimi nikaisafisha picha ile kwa moyo wote, nikaihifadhi juu ya ile ya mwanzo, nikafuta kadi ya kamera ili itumike tena, nikaichapa, nikaiweka kwenye fremu. Sikuirudisha nyuma hata mara moja kuitazama, na hata ilipochapwa niliikagua madoa tu. Kwa nini niitazame? Kila doa nilikuwa nimelifuta kwa mkono wangu.

"Mwakeye," Bibi Skola akasalimu kwa Kiha, akapokea fremu kwa mikono miwili.

Akaitazama. Akaisogeza mbali na uso. Akatoka nayo nje kwenye mwanga, akarudi.

"Gauni nimeliona," akasema. "Adelina yuko wapi?"

"Si huyo hapo, bibi," nikamjibu, nikicheka kidogo.

"Huyu ana meno ya nani?"

Mzee Tito akainuka kwenye kiti chake. Hakunifokea. Akasema tu, "Binti, hebu irudishe nyuma." Nikazungusha gurudumu. Miraba ikawa mdomo, mdomo ukawa uso, na uso ule ukatutazama ukiwa na meno yaliyobanana kama matofali. Mwanya wa Adelina, ule mwanya mzuri katikati ya meno ya juu uliofanya watu wageuke sokoni, nilikuwa nimeuziba. Kule karibu nilikuwa nimeona mstari mweusi kati ya vitu viwili vyeupe. Nikadhani ni doa.

Bibi Skola akakaa kwenye benchi. "Mama yake alikuwa nao," akasema polepole. "Na mimi ninao." Akafunua mdomo akatuonyesha, kwa ule uzito wa mtu anayeonyesha ushahidi. "Mwanangu aliondoka na wake. Nilitaka huu nibaki nao ukutani."

Nikatafuta kwenye kompyuta na kwenye kadi, mwanangu. Picha ya mwanzo haikuwepo tena.

"Bibi arusi yuko wapi sasa hivi?" Mzee Tito akauliza.

"Saluni, huko sokoni. Anasukwa."

"Kamlete," akaniambia. "Kimbia."

Nikakimbia. Nikamkuta Adelina nusu ya kichwa imesukwa vizuri, nusu nyingine imesimama kama kichaka. Akagoma. "Nipite sokoni hivi? Kesho naolewa, dada, unataka waniahirishe?" Nilipomwambia bibi yake amekaa kwenye benchi kwa unyonge, akajifunga kanga kichwani na kunifuata.

Lakini kucheka sasa. Alikaa pale mbele ya pazia kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti. Mzee Tito akamtania, hola, hata tabasamu. Mwishowe Bibi Skola akasema, "Mwana wanje, mwanangu wee, njoo uone huyu binti alivyokukandika." Akamvuta hadi kwenye kompyuta. Adelina akayatazama yale meno yake mapya. Akanitazama mimi. "Yaani umenipiga plasta," akasema, na kicheko kikamtoka, kanga ikaanguka, akainama akijishika mbavu, na Mzee Tito tayari alikuwa anabonyeza kamera.

Nikajitolea kukaa mpaka asukwe kichwa chote ili apigwe nyingine nzuri. Bibi Skola akakataa. Akachagua ileile: kichaka upande mmoja, mistari upande mwingine, na mwanya wazi katikati. "Ndivyo alivyokuwa anaamka kila asubuhi," akasema.

Walipoondoka, Mzee Tito aliniambia neno ambalo sijaliacha. "Kufuta doa, sogea karibu. Lakini kabla ya kuhifadhi, rudi nyuma umwone mtu. Ukishindwa kumwona mtu, kazi yako haijaisha, hata kama umefuta madoa yote." Tangu siku ile nilikuwa nairudisha picha mpaka iwe ndogo kama stempu, halafu nasimama mlangoni kabisa kuitazama. Wateja walicheka. Wacha wacheke.

Mwanangu, utaishi na watu, na utawaona kwa karibu: mume au mke, rafiki wa shule, jirani wa ukuta mmoja. Ukaribu unaonyesha mengi, na mengine utayaita kasoro haraka sana. Kabla hujamsahihisha mtu, simama mbali kidogo umtazame mzima, akiwa na kicheko chake na waliomzaa. Huenda hicho unachotaka kukiziba ndicho kinachowafanya wanaompenda wamtambue. Na ukikosea, usikae ukijifungia na aibu yako. Kimbia kamlete mwenyewe, mcheke pamoja.

Mungu akupe macho ya karibu na ya mbali, na akupe watu watakaokupenda ulivyo, hata siku ambayo kichwa chako kimesukwa nusu.