Wanzuki Iliyolala Siku Sita

Nilipopangiwa kufundisha shule ya msingi kando ya barabara ya Ulyankulu, nyumba za walimu zilikuwa mbili tu na zote zina watu. Mwenyekiti wa kijiji akanipeleka kwa mjane mmoja aliyekuwa na chumba cha uani, kimesakafiwa, kina dirisha la wavu. Nilikipenda. Shida ilikuwa moja: mjane mwenyewe alikuwa mpika pombe, nami ni binti wa Isevya, Tabora mjini, nimekulia kwenye nyumba ya Kiislamu ambayo hata chupa tupu ya bia haikuwahi kuingia. Nikampigia simu mama nikamweleza. Akauliza, "Anaswali?"

"Ni Mkatoliki, mama. Kanisani haachi."

"Basi kaa hapo mpaka upate pengine."

Huu ni mwaka wa nne. Pengine sijapatafuta.

Jina lake ni Levina, lakini kijiji kizima tunamwita Mama Marko, kwa mwanawe wa kwanza aliyeko Nzega. Anapika wanzuki, pombe ya asali, kazi aliyofundishwa na mama mkwe wake na ambayo imewasomesha watoto watatu baada ya mumewe kufariki. Amepita sitini kidogo, mrefu, mwembamba, ana sauti ya chini inayokulazimisha umsogelee. Mwenyewe hanywi. Anaonja, anatema, anasukutua kwa maji.

Kabla sijahamia nilidhani uani kwa mpika pombe ni mahali pa kelele na matusi. Kwake wateja hukaa kwenye mabenchi mawili chini ya banda la nyasi, na jua likianza kushuka anakusanya vikombe, awe amemaliza mtu au hajamaliza. Anayefika na njaa hupewa ugali kwanza. Mteja akizidiwa na pombe, baiskeli yake inalazwa ndani, karibu na mlango wangu, na asubuhi mwenyewe anakuja kuichukua kwa aibu, ananiamkia kana kwamba ni mimi niliyemfungia.

Hayo niliyazoea. Siku iliyonifanya nimheshimu hasa ni Jumamosi moja ya Oktoba mwaka jana.

Mzee Wenceslaus, mkulima wa tumbaku na jirani yetu wa nyumba ya tatu, alikuwa anajenga bani, lile jumba refu la kukaushia majani kwa moto. Kuta za matofali zilikuwa zimesimama. Ilibaki kuezeka kabla ya mvua, na kazi hiyo huku hufanywa kwa kualikana: wanaume ishirini na kitu wanakuja, wanashinda juani, na mwenye kazi anawapa chakula na pombe. Desturi ni jagi la kwanza saa nne, la pili saa saba, na yanayobaki wakimaliza. Wenceslaus aliagiza pipa moja la wanzuki kwa Mama Marko.

Kazi ilikuwa ifanyike Alhamisi. Mama Marko akachanganya Jumapili baada ya misa, ndoo moja ya asali kwa nne za maji, kipimo chake cha miaka yote, ili siku ya nne iwe imefika pale anapopataka. Jumatano akafariki bibi mmoja wa kijijini. Wakati wa msiba hakuna anayeshika nyundo, kazi ikasogezwa hadi Jumamosi, na pipa likaendelea kukaa kwenye kibanda chake katika joto lile la Oktoba linalopasua midomo. Tena asali ya mwaka huo ilikuwa nzito kuliko kawaida, kwa sababu mvua zilizopita zilikuwa chache. Hilo alilijua alipoinunua, ila hakulitilia maanani. Aliniambia mwenyewe.

Alfajiri ya Jumamosi nilitoka kutawadha nikamkuta ameinama, sikio lake limegusa pipa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwalimu. Njoo usikilize."

Nikaweka sikio. "Sisikii kitu."

"Ndiyo hivyo. Juzi ilikuwa inanong'ona, mapovu yanapanda. Leo imenyamaza. Utamu wote umeliwa, umebaki ukali."

Akachota kidogo kwa kata, akaonja, akatema. Akaonja tena. Kata mkononi, akaangalia upande wa nyumba ya Wenceslaus ambako moshi wa jikoni ulikuwa umeshaanza.

"Hii ni kali," akasema. "Na niliona asali ni nzito, ila sikubadili kipimo changu."

Nilipomaliza kuswali nilimkuta amewasha majiko mawili na kubandika masufuria makubwa. Shule ilikuwa imefungwa siku hiyo, nikachukua ndoo tukaenda pamoja kisimani. Ni njiani, bila mimi kumuuliza, aliponieleza habari za shemeji yake Doto, pacha wa marehemu mumewe. Nilikuwa namjua Doto kama mzee anayetembea kwa fimbo, mguu mmoja akiuburuta. Sikujua sababu.

"Alikuwa mrina asali," Mama Marko akasema. "Hakuna mti uliomshinda. Mimi wakati huo nilikuwa mgeni kwenye kazi hii, na watu wakisifu pombe yangu kwamba inaangusha, nafurahi. Siku ya mavuno nikampa, akanywa, akapanda baiskeli kwenda kwake. Akaingia kwenye mtaro wa daraja. Nyonga ikavunjika, na mtini hajapanda tena."

"Alikulaumu?"

"Hajawahi. Kila msimu namlimia shamba lake la mihogo. Hataki, lakini nalima."

Tuliporudi alipika uji mwepesi wa mahindi, akausubiri upoe mpaka ukawa wa vuguvugu, ndipo akatia unga wa kimea cha mtama na kukoroga. Togwa ile, kinywaji kisicholevya, ilianza kuwa nyepesi na tamu mbele ya macho yangu. Sufuria la pili lilikuwa la maji yenye asali kidogo, akayachemsha kwa zamu mpaka yakajaa ndoo kadhaa, akayaacha yapoe. Kisha akajifunga kitenge vizuri, tukaenda kwa Wenceslaus.

Wanaume walikuwa wamefika. Ngazi mbili zilikuwa zimeegemezwa ukutani na fundi Lugembe, kiongozi wa waezekaji, alikuwa tayari juu akipima kwa kamba. Ukuta wa bani ni mrefu, ukisimama chini unamwona mtu wa juu nyayo.

"Mwangaluka mayo," wakamwamkia wale walio chini, habari za asubuhi kwa lugha ya huku.

"Mwangaluka." Hakukaa. "Nimekuja kuwaambia jambo. Wanzuki yenu nimeikosea. Imelala siku mbili zaidi na asali ilikuwa nzito. Imekuwa kali mno. Saa nne nitawaletea togwa, na saa saba togwa. Wanzuki mtakunywa mkishuka wote, na nitakuwa nimeipunguza."

Wakacheka. Mmoja akasema kali ndiyo wanayoitaka, kosa la namna hiyo alirudie kila wiki. Lugembe akashuka ngazi akaja mbele yake, akiwa bado na misumari kinywani. Akaitoa mmoja mmoja.

"Mama, kwa heshima zote. Hawa hawakuja kwa togwa. Togwa wanakunywa kwa wake zao."

"Najua."

"Jagi moja tu saa nne, mikono ipate nguvu. Sisi si watoto."

"Ingekuwa ya siku ya nne ningekupa, Lugembe, kama ninavyokupa siku zote. Hii ya leo jagi moja ni kama matatu. Wewe unasimama pale juu kwenye mti mmoja. Mkeo Katarina ana mimba ya miezi saba. Ukianguka, nani ataenda kumwambia? Utaenda wewe, Wenceslaus? Mimi siendi. Nilishakwenda kwa mke wa mtu mara moja na ile safari naikumbuka."

Hakupandisha sauti. Lugembe akairudisha misumari kinywani, akapanda ngazi.

Wanaume watatu wakachukua baiskeli zao wakaondoka. Walisema wana kazi nyingine. Wenceslaus aliwaangalia mpaka wakapotea, kisha akamgeukia Mama Marko, na ingawa ni mtu mpole, uso wake ulikuwa umebadilika.

"Umenipunguzia watu watatu, mama. Mvua haiko mbali."

"Nimekupunguzia, ndiyo. Nitaziba."

Nilidhani ni maneno ya kumtuliza. Lakini alivua kandambili, akasimama kwenye mstari wa wanaume waliokuwa wakipeleka miti na bati kule ngazini, akaanza kupokea na kupitisha. Nami nikasimama upande wa pili wake. Baadaye wakaja wanawake wawili wa kwa Wenceslaus. Saa nne alikwenda kuleta togwa na kurudi kwenye mstari, na saa saba vivyo hivyo. Walikunywa bila kusifu, ila masufuria yalirudi matupu.

Alasiri, wengine walipopumzika, yeye alikwenda nyumbani kushughulikia pipa. Nilimfuata ili nione. Maji matupu yangeiua, alinieleza, ingekuwa pombe ya kuoshea vyombo. Akachota jagi la wanzuki, akatia robo jagi ya yale maji ya asali, akaonja, akatema. Akaongeza. Akaonja, akatema. Mara ya tano au ya sita akatikisa kichwa taratibu na kuniambia, "Hapa." Kisha akafanya hivyo hivyo kwa pipa lote, jagi kwa jagi, bila kubahatisha hata moja, mgongo ameuinamisha mpaka nikaona aibu kumtazama nimekaa. Pipa moja likawa karibu mawili. Lile la ziada alilifunika akaliacha, alisema halikuagizwa.

Bati la mwisho lilipigiliwa jua likiwa bado juu ya miembe. Lugembe akashuka wa mwisho. Mama Marko akaomba ngazi zilazwe chini, zote mbili, na zilipolazwa ndipo chakula kikatolewa: ugali, maharage na dagaa wa Kigoma. Hakumwaga wanzuki mpaka alipoona mikono imeoshwa baada ya kula. Aliwagawia kwa vikombe vya chai badala ya majagi, akizunguka mwenyewe.

Mtu mmoja alionja, akasema, "Hii ni ya walimu." Wakanicheka, nami nikacheka. Lakini wakanywa, wakaimba kidogo, wakasimulia habari za misimu ya tumbaku iliyopita, na giza lilipoingia wakaenda kwao kwa miguu yao, wenye baiskeli wakizikokota. Nilisimama na Mama Marko barabarani mpaka baiskeli ya mwisho ikakata kona. Hakuna kilichotokea siku ile. Hakuna aliyeteleza, hakuna mti uliochomoka, na hakuna anayeweza kusema kwa hakika kwamba kingetokea kitu kama wangekunywa ile ya asubuhi. Nilimwambia hivyo, kwa kumpima kidogo.

"Ndiyo," akasema. "Hatutajua. Ni afadhali."

Kosa lenyewe lilimgharimu. Wale watatu walisambaza kwamba Mama Marko amezeeka, pombe inamshinda, na kwa wiki kadhaa mabenchi yake yalikuwa na nafasi. Wateja walihamia kwa Maua, mpika pombe kijana wa upande wa pili wa reli. Mama Marko hakujitetea. Kila aliyemuuliza alimjibu kwamba ni kweli, alikosea, na akamweleza alikosea wapi. Wenceslaus alikuja baada ya misa ya Jumapili iliyofuata, akakaa sana, akazungumza habari za mvua tu. Alipoondoka alikuwa ameacha mzigo wa kuni kavu mlangoni.

Mwezi wa Desemba, mchana, Maua alibisha hodi. Alikuwa na jagi lililofunikwa kwa kitambaa. Alipiga goti, akaamkia, kisha akaliweka jagi mbele ya Mama Marko.

"Pombe imekupita ukali?" Mama Marko akamuuliza.

"Imenipita, mama. Nina harusi kesho kutwa, watu mia. Nikitia maji inakuwa mbaya, nisipotia naogopa."

Nilikuwa nasahihisha madaftari dirishani. Mama Marko angeweza kumpa maneno mawili na kumrudisha. Wengi wangemwelewa, maana Maua ndiye aliyepokea wateja wake. Badala yake alinyanyuka, akaleta kata yake, asali na bakuli la maji ya moto, akaviweka kwenye kigoda katikati yao.

"Anza wewe," akasema. "Onja, lakini usimeze. Kisha niambie unasikia nini."