Shamba la Mjomba, Minazi ya Mama

Watu wakibishana kama maisha ya leo ni bora kuliko ya wazazi wetu, mimi huwa upande wa leo, tena kwa sauti ya juu. Nimekunywa maji ya kisima chenye chumvi, nimesomea kibatari mpaka pua ikajaa masizi, na nimemwona mwanamke mwenye uchungu wa uzazi akibebwa juu ya kitanda cha kamba kupelekwa hospitali ya Msambweni. Anayezitamani siku hizo na azirudie peke yake. Lakini mmoja akitamka kwamba zamani mtu alikuwa akishika neno lake, nanyamaza, maana naikumbuka minazi ya mama, na hasira inanipanda upya.

Kwetu shamba na mnazi vilikuwa mali mbili. Shamba liliweza kuwa la huyu na minazi iliyomo ikawa ya yule, wala hakuna aliyeona ajabu. Bibi yangu alipanda minazi katika shamba la ukoo, na alipokuwa mgonjwa wa kufa akamwachia mama. Shamba lenyewe lilishikwa na mjomba, kaka yake mama, na mbele ya wazee alisema kuwa ardhi ataishika yeye, lakini minazi ni ya dada yake na wanawe. Yakaisha hapo. Nani angedai karatasi kwa ndugu wa tumbo moja?

Baba alipotuacha, minazi ile ndiyo iliyotulea. Mama aliuza nazi, akasuka makuti ya kuezekea, na makumbi akawashia moto. Na mjomba ndiye aliyenishika mkono siku ya kwanza ya shule. Nilimpenda kuliko baba, siwezi kuficha.

Mwishoni mwa miaka ya tisini wageni wakakatika. Hoteli ya Diani nilikokuwa nikifua mashuka ikafunga milango, na sote tukaondoka na mifuko yetu, sisi wa hapa na wenzetu waliotoka bara. Sikuwa na hofu kubwa. Mama alinipokea akaniambia kwamba maadamu minazi ipo, hatutalala njaa.

Haukupita muda, asubuhi moja tukasikia msumeno wa mashine. Tulipofika shambani, minazi ilikuwa imelala chini na vijana walikuwa wakipakia magogo kwenye lori. Msimamizi wao, kijana wa bara mwenye adabu zake, alishangaa tulipomuuliza nani amewatuma. Alitueleza kwamba shamba lilinunuliwa tangu kabla ya Ramadhani na kwamba patajengwa nyumba za wageni. Alidhani tunajua.  Mama aliokota dafu lililopasuka, akalitazama, akaliweka tena chini, kisha akaniambia twende kwa mjomba.

Tulimkuta barazani amevaa kanzu safi. Nilimpa shikamoo kwa mazoea tu. Kwanza alijitia hamnazo, akatuuliza habari za mvua. Mama alipomuuliza habari za minazi, alisema mambo yamebadilika, siku hizi serikali haijui mnazi, inajua hati, na mwenye hati ndiye mwenye kila kilichosimama juu ya ardhi. Alisema amechoka na ufukara, anataka nyumba ya matofali na taa ya umeme, nasi pia tutapata raha humo.

"Ungeniambia, kaka," mama alisema.

"Ungekataa."

Alilisema hilo kwa macho makavu, na lilinikata maini. Alikuwa amekaa akafikiri, akajua mama atasema nini, ndipo akauza.

Nyumba ya matofali ilijengwa, yake. Sisi tuliendelea kukaa chini ya makuti, safari hii ya kununua. Na linaloniudhi zaidi ni kwamba mjomba alisema kweli kuhusu ile raha: zile nyumba za wageni zilileta nguzo za umeme na bomba la maji mpaka mlangoni kwetu. Kila ninapowasha taa nafaidi kitu ambacho mama hakuulizwa.

Sikukuu ya kwanza baada ya minazi kukatwa, mjomba alikuja kula kwetu kama kawaida yake. Mama alimpikia wali kwa maji matupu. Kwetu mgeni hapewi wali usiotiwa tui, hata awe wa kupita njia. Mjomba alitia tonge la kwanza mdomoni, akasita, akauliza kama nazi ilisahauliwa.

"Nazi zangu uliziuza, kaka. Karibu ule."

Aliinama akala mpaka sahani ikaisha. Roho yangu ikatulia. Nilijua sasa mama na mimi tuko pamoja, na kwamba mjomba amefungiwa mlango wetu.

Ijumaa iliyofuata nilimkuta mama amekaa juu ya mbuzi, anakuna nazi. Ilikuwa ya dukani, ndogo, zile zilizokuwa zikiletwa kutoka Tanzania kupitia Lunga Lunga. Nikamuuliza ni ya nani. Akanijibu bila kuinua uso kwamba mjomba wangu anakuja.

"Baada ya yote yale, mama?"

"Sina kaka mwingine," akasema, akaendelea kukuna.

Nilitoka nje nikasimama uani. Alimsamehe bila kuniuliza, na mimi nikajiona nimeuzwa mara ya pili.