Mvinyo wa Jumba la Kiangazi

Wenzangu mliolelewa migombani, huko kwetu Bukoba, mtanielewa: kiangazi chetu hakikuanza kwa jua, kilianza kwa harufu ya ndizi zinazoiva shimoni. Juu ya kilima palikuwa na jumba la kiangazi la ukoo wa mtawala wetu wa zamani. Madaraka yalikwisha kabla sijazaliwa, lakini kila mwaka mvua zikikatika familia ile ilikuja kupumzika, na sisi watoto tulipiga magoti kuwaamkia kana kwamba hakuna kilichobadilika.

Baba yangu ndiye aliyewatengenezea mvinyo wa ndizi, kama babu kabla yake. Ndizi zilimenywa, zikamwagwa kwenye mtumbwi wa mti uliochongwa kwa kazi hiyo tu, kisha kaka zangu wawili wakaingia kukanyaga pamoja na majani mabichi mpaka juisi itoke. Waliimba, wakasukumana, povu likawafika vifundoni. Baadaye juisi ilitiwa mtama uliokaangwa, ikafunikwa kwa majani ya mgomba, ikaachwa ichachuke. Kibuyu cha kwanza kilipanda jumbani. Kabla hakijarudi kitupu, hakuna aliyethubutu kulamba hata kidole.

Sisi wasichana kazi yetu ilikuwa kukata majani. Nilivyolilia kuingia mle! Baba alijibu lile lile: "Mguu wa mwanamke ukiingia mtumbwini, mvinyo hugoma." Nilinuna, nikapewa kikombe cha juisi tamu isiyochacha, nikasahau kununa.

Leo nahudumu mezani katika hoteli moja huku Al Garhoud, Dubai. Naona vijana wakizungusha glasi za mvinyo, wakinusa, wakifumba macho kama wanaombea chakula. Ukiwaambia wetu ulitoka chini ya nyayo za watu, watatema! Na wa nyumbani nao si afadhali. Mpwa wangu aliniuliza kwa nini tusitumie blenda.

Wiki iliyopita Baba alipiga simu. Jumba bado limesimama, familia inakuja kiangazi hiki, ila magoti yake yeye yamekataa kazi ya kukanyaga. Kaka yangu mmoja tulimzika, mwingine yuko mjini na hataki kusikia habari za ndizi.

"Basi tena, mwanangu," alisema. "Mtumbwi nitaupasua kuni."

Iliniuma sana. Nikamwambia, "Baba, usiguse shoka. Nakuja kukanyaga mimi."

Akakata simu.

Sikungoja. Nilimfuata madam, msimamizi wetu, nikaomba likizo yangu. "Khalas, nenda," alisema, "lakini urudi." Mwenzangu wa chumbani huku International City, mtaa tunakolala, Mganda, alicheka mpaka akakaa chini. "Yalla, dada, utakanyaga na hizo kucha za rangi?"

"Nitaifuta," nikamjibu.

Enzi zile watu walikuwa wengi kuliko nafasi mtumbwini, wavulana wakaigombea mpaka wakachapwa. Sasa nafasi ipo, watu hawapo. Laiti ningewasikia tena kaka zangu wakisukumana mle ndani! Lakini kutamani hakukamui ndizi, na mimi nimeshakata tiketi. Mvinyo ukigoma, ugome nikiwa ndani.

Jana Baba alipiga tena. Nilisikia kuku uani kwake. Kisha akasema, "Kabla ya kuingia, osha miguu. Mpaka katikati ya vidole."