Mama Alipohamia Kwenye Leleshwa

Kakangu alipiga simu nikiwa kwenye cherehani, simu nimeibana kwa bega. "Mama ameenda," akasema.

Nilidhani ananiambia amekufa. Mkono ulinigandia juu ya gurudumu la mashine, na wakati kakangu akitafuta maneno, mimi nilikuwa nimeshamzika mama, nimeshaanza kujiuliza ni nani atakayesimamia mapishi ya matanga, maana kwa kawaida msimamizi alikuwa yeye.

"Ameenda wapi?" nikauliza mwishowe.

"Hapo ndipo shida iko. Ameenda kukaa porini."

Mama alikuwa akiishi kijijini Bahati na kakangu na mkewe, kwenye shamba alilotuachia baba. Asubuhi hiyo alikuwa ameosha vikombe kama kawaida, akakunja blanketi lake, akachukua panga, sufuria, jerikani na Biblia. Alimwambia mke wa kakangu, "Naenda kukaa peke yangu. Sijapotea, kwa hivyo msinitafute." Mke wa kakangu alicheka, akadhani mama anaenda kumtembelea dada yake. Ilikuwa jioni walipojua hakuna aliyetembelewa.

Mngemjua mama mngeelewa kwa nini hatukuweza kuamini. Tangu nipate akili sijawahi kuona mlango wetu umefungwa mchana. Mama ndiye aliyeitwa mtoto wa mtu akikataa kunyonya, mwali akirudi kwao akilia, mzee akiaga dunia. Mwaka ule wa fujo za uchaguzi watu walilala kwetu hadi jikoni, na hakuuliza mtu ametoka kabila gani. Kanisani, akina mama walikuwa hawaanzi mkutano kabla hajafika. Mtu wa namna hiyo ukiambiwa ameacha watu wote akaenda kukaa na fisi, unatafuta ugonjwa. Mimi nilifikiria kichwa. Kakangu alifikiria kwamba labda mkewe alimjibu vibaya, na wawili hao hawakuongea siku kadhaa.

Mwenye bodaboda aliyembeba ndiye aliyetuonyesha alikomshusha. Ni upande wa Solai, chini ya bonde, kwenye shamba la zamani la mzungu mmoja ambalo halijawahi kugawanywa kwa sababu wenyewe wako kortini miaka nenda miaka rudi. Ng'ombe wa maziwa walikwisha zamani. Leleshwa imefunika kila kitu, ile miti midogo yenye majani ya rangi ya jivu, na katikati yake kumebaki chumba kimoja cha mawe walichokuwa wakipozea maziwa. Babu yangu alikuwa mkamuaji hapo. Mama alizaliwa kwenye kambi ya wafanyakazi, ambayo leo huioni hata msingi.

Nilimkuta amekaa mlangoni akichambua mboga za mwitu. Aliniangalia kama mtu anayeangalia mgeni aliyefika kabla chakula hakijaiva.

"Nilisema msinitafute," akasema.

"Mama, umekasirika na nani?"

"Sijakasirika."

"Basi ni nini? Ni mke wa kaka?"

"Yule msichana hana makosa. Mwambie nimesema hivyo." Aliweka mboga kando. "Nilianza kubeba watoto wa watu mgongoni kabla sijaota meno ya ukubwa. Nikaolewa, nikawabeba nyinyi. Baba yenu akaugua, nikambeba. Sasa nataka kukaa kimya nisikie kuna nini."

"Na nyoka je? Na ukianguka?"

"Nyumbani pia watu huanguka."

Nilichunguza kila kitu kama askari. Bati la juu lilikuwa na kutu lakini halijatoboka. Mlango alikuwa ameutengeneza kwa matawi ya mgunga, miba ikiangalia nje. Maji aliteka kwenye kijito cha karibu na kuyachemsha. Na alikuwa, Mungu ni shahidi, amependeza. Uso ulikuwa umelegea kama nguo iliyotolewa kwenye kamba baada ya kukauka vizuri. Hilo ndilo lililonitisha zaidi. Angekuwa amechanganyikiwa ningemshika mkono nikampeleka hospitali. Mtu mwenye akili timamu unampeleka wapi?

Simu aliikataa kabisa. Baada ya kubishana hadi nikalia, alikubali jambo moja: kila Jumapili angeanika shuka jeupe juu ya ukuta wa chumba chake, nami nikitoka kanisani ningeenda hadi kwenye kona ya barabara kule juu, mahali unapoona bonde lote, nilione kisha nirudi. Kushuka hakukuruhusiwa.

Habari zilifika Bahati, zikafika mjini, zikanifuata hadi mtaa wa Bondeni, dukani kwangu. Wateja walikuja kupima sare za watoto na kuniuliza macho yakiwa pembeni. Watu waligawanyika. Wako waliosema mama ameitwa, kwamba hata Eliya alikaa peke yake akalishwa na kunguru, na kwamba katika dunia hii ya kelele ni mtu mmoja tu aliyethubutu. Mama mmoja wa kanisa alinishika mikono akaniambia, "Ombeni mfikie imani yake." Na wako waliosema tumemtupa. Hao hawakuniambia usoni, lakini kakangu aliambiwa na mzee wa kijiji mbele ya watu kwamba mwanamume ambaye mama yake analala porini hana ruhusa ya kusimama kuchangia mkutanoni. Jirani yangu mmoja alinena kitu ambacho sijakisahau: "Angekuwa mwanamume wangemwita nabii. Mwanamke mzee akikaa peke yake msituni, ngoja tu, wataanza kumwita mchawi."

Mimi mwenyewe sikujua nisimame upande gani. Kuna asubuhi niliamka nikimwonea fahari, nikijiuliza ni lini mimi nitathubutu hata kuzima simu. Lakini mchana wingu likikaa juu ya mlima Menengai, ningesimamisha mashine nitoke kulitazama. Nilikuwa nikishona huku naangalia mlangoni. Nilikosea mikono ya mashati, nikafumua, nikashona tena. Nikisikia redio ikitaja chui au mafuriko popote nchini, nilikuwa naona kile chumba cha mawe. Alikuwa ameenda kutafuta utulivu wake, na mimi ndiye niliyebaki nikiulipia.

Ilikuja Jumapili moja katika mvua za masika. Barabara ilikuwa tope, na mwenye bodaboda alinung'unika njia nzima. Nilipofika kwenye kona nikaangalia chini. Leleshwa ilikuwa imeoshwa ikang'aa. Ukuta nikauona. Shuka halikuwapo.

"Labda ni mvua," mwenye bodaboda akasema. "Nani anaanika nguo kwa mvua?"

Maneno ya akili kabisa, na sikuyasikiliza. Niliteremka mbio, viatu nimevishika mkononi, tope likiniingia katikati ya vidole. Njia niliyoijua ilikuwa imekatwa na korongo jipya, maji mekundu yakipita ndani yake kwa kelele. Nililizunguka nikipitia kwenye miiba. Nilipofika, mlango wa matawi ulikuwa umesukumwa kando. Jivu lilikuwa baridi. Sufuria ilikuwa imekaa nje, imejaa maji ya mvua, na ndani yake mdudu mweusi alikuwa akiogelea. Blanketi halikuwepo.

Niliita hadi sauti ikapasuka. Kila kitu kilikuwa kimya kwa namna ambayo mama aliisifu, na mimi niliuchukia ukimya huo kama mtu anavyomchukia mwizi. Nikaanza kuangalia kando ya korongo. Sitaki kusema nilichokuwa nikitafuta kule chini kwenye maji.

Aliyeniona ni mwanamke mmoja mfugaji aliyekuwa akitoa mbuzi wake malishoni upande wa pili wa korongo. Ni mtu wa rika langu, ana shuka la mistari mabegani na buti za mvua.

"Wewe ni ule msichana wa Gogo?" akapaza sauti. Gogo kwa lugha yao ni nyanya.

"Ndiyo! Umemwona?"

"Iko kwangu. Inakohoa sana. Kuja."

Boma lake lilikuwa nyuma ya kilima kidogo, karibu kuliko nilivyodhani. Nilikuwa sijui kabisa kama kuna boma. Mama alikuwa amelala karibu na moto, amefunikwa blanketi lake na jingine juu, midomo imekauka, kifua kikipanda na kushuka kwa shida. Alinitambua. "Usipige kelele," akaniambia kwa sauti ndogo, na hapo ndipo nilipolia.

Mwanamke yule alikuwa amembeba mgongoni kutoka kwenye kile chumba, mvua ikinyesha. Alikuwa amemlisha uji kwa kijiko, amembadilisha nguo. Nilipoanza kumshukuru, alinikata.

"Wewe najua hii mama imekaa peke yake?" akaniuliza. Hakuwa akitabasamu. "Hapana. Kila asubuhi mbele ya kukamua, mimi naenda pale juu naangalia kama moshi imetoka kwake. Ikikosa kutoka, sikunywi chai. Bwana yangu anauliza, hii shida tumetoa wapi? Hakuna mtu alikuja kuniambia, mama fulani, angalia huyu. Nyinyi mnaangalia Jumapili. Na siku ingine?"

Mama alikuwa amefumba macho, lakini niliona kope zikitetemeka. Alisikia kila neno.

Tulimtoa na gari la kukodi hadi hospitali mjini, akawekewa oksijeni. Ilikuwa homa ya mapafu. Alipopata nafuu nilimleta kwangu Bondeni, kwenye vyumba vyangu viwili, nikamwambia kakangu mambo ya porini yamekwisha. Kakangu alipumua kwa simu hadi nikasikia.

Watu walikuja. Kanisa lilikuja na wimbo, akina mama wa Bahati walikuja na ndizi na maziwa, majirani walikuja na maswali. Mama aliwapokea wote vizuri, akauliza hali ya watoto wao mmoja mmoja, akaombewa. Baada ya wiki kadhaa nilirudi kutoka dukani alasiri, nikakuta wageni wamekaa kwenye viti wakinywa chai, na mama hayupo. Walisema ameenda chooni. Nilikaa nao kidogo, nikaanza kuogopa, nikaenda kugonga.

"Mama?"

"Niko."

"Unaumwa?"

"Hapana. Nimekaa tu."

Nilisukuma mlango. Alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa kwenye bafu letu lisilo na dirisha, mikono mapajani, taa imezimwa. Aliinua kichwa. Kile kilichokuwa kimelegea usoni mwake kule Solai kilikuwa kimekazwa tena.

"Ni hapa tu wageni hawapigi hodi," akasema.

Nilifunga mlango, nikaenda kuwaambia wageni mama amechoka.

Nilipomwambia kakangu nitamrudisha mama Solai, aliniambia nimepagawa mimi pia, na kwa miezi kadhaa hakunijulia hali. Lakini mvua zilipokwisha nilimsindikiza mama mimi mwenyewe. Alitembea polepole, akipumzika. Nilitarajia tuelekee moja kwa moja kwenye chumba chake cha mawe. Yeye alikata kona kuelekea bomani. Mwanamke yule alikuwa akifunga ndama. Mama alisimama nje ya ua akasubiri hadi akakaribishwa.

"Mara ya kwanza nilikuja bila kukuuliza," mama akamwambia. "Nikakupa mzigo. Leo nimekuja kuuliza. Ukisema nirudi, nitarudi na huyu."

Mwanamke alimaliza kufunga fundo lake. Alimtazama mama, akanitazama mimi.

"Gogo, utabeba simu?"

Mama alisita. "Nitabeba."

"Na utakuja kunywa chai hapa. Si lazima uongee. Kukaa tu, nione mwili."

"Nitakuja."

"Basi kaa."

Watu bado wananiuliza kama ninamsifu au ninamlaumu. Nasema namsifu kwa kujua alichokuwa akikikosa maishani, maana wengi wetu tunazeeka bila kujua. Lakini kwa kwenda bila kumuuliza mtu namlaumu, na hata leo tukiongea namwambia, naye husema, "Sawa, umesema." Sidhani kuna mtu anayekaa peke yake duniani. Kuna wale wanaojua ni nani anayewaangalia, na wale wasiojua.

Wasiwasi haujaisha. Wiki iliyopita nilimpigia mara mbili, hakushika. Nilifunga duka, nikatoka hadi kituo cha bodaboda, nikajadiliana na dereva, na nikiwa nimeshakaa nyuma yake simu ikalia.

"Nilikuwa naoga kijitoni," mama akasema. "Kwani kuna nini?"

"Hakuna."

"Unahema."

"Nilikuwa natembea."

"Haya. Rudi kazini."

Nilimwambia dereva asamehe, nikashuka. Mbele yangu, upande wa Menengai, mawingu yalikuwa yakikusanyika.