Nilisema Basement Ina Unyevu Ili Mama Mkwe Asije

Admin, nifichie jina na picha, maana Waswahili wa Toronto tunajuana. Kanisani ni walewale na misibani ni walewale. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na tisa, Mtanzania, nimeolewa na nina watoto wawili. Nafanya kazi ya kutunza wazee majumbani, mume wangu yuko kiwanda cha mikate. Tumepanga mtaa wa Weston, kwenye ghorofa la zamani ambalo lifti yake ikiamka vizuri tunamshukuru Mungu. Mwaka huu benki imekubali kutukopesha tununue pa kwetu, na hapo ndipo aibu yangu ilipoanzia.

Uwezo wetu unafika sehemu mbili tu. Ya kwanza ni condo, yaani makazi ya kununua ndani ya ghorofa refu: vyumba viwili, bwawa la kuogelea, mlinzi mlangoni, theluji wanazoa wao, ila kila mwezi unalipa ada. Ya pili ni kajumba kadogo kanakojitegemea, kakuukuu, jiko mnaingia kwa zamu, lakini kana uwanja nyuma, na chini kana basement, chumba kilichozama nusu ardhini chenye mlango wake. Mume wangu alipoiona ile basement alisema neno moja tu, "Mama." Mama yake yuko Morogoro, mjane, anaishi peke yake, na siku zote ahadi ilikuwa tukipata nafasi tumlete.

Mimi nikaishikia bango condo. Nikasema paa la nyumba ile limechoka, nikasema theluji, nikasema nani atakata majani. Yote kweli, na hakuna hata moja lililokuwa sababu yangu. Condo haina pa kumweka bibi. Hicho ndicho nilichoipendea.

Msifikiri mama mkwe ni mkorofi. Laiti angekuwa! Nilipokuja huku nilimwachia binti yangu wa kwanza, tumwite Zai, akiwa ndiyo kwanza ameachishwa kunyonya. Makaratasi yakakwama, mwaka ukazaa mwaka, na Zai alipofika Toronto alikuwa na miaka minane, ananiamkia "shikamoo, anti". Nikimsuka ananielekeza bibi alivyokuwa anazigawa nywele zake. Nikimpikia wali anasema wa bibi una nazi nyingi zaidi. Wahenga walisema kuzaa si kazi, kazi kulea. Mimi nilifanya ile isiyo kazi. Sasa ana miaka kumi na mitatu, ananiita mama, ananinunia kama watoto wanavyowanunia mama zao, na mimi naogopa siku bibi akishuka uwanja wa ndege nitarudi kuwa anti. Ndiyo, namwonea wivu mwanamke wa miaka sabini aliyenilelea mwanangu bila kudai hata asante. Nimeona haya hata kuiandika sentensi hiyo.

Wiki mbili zilizopita alikuja mkaguzi kuipima ile nyumba kabla hatujatoa ofa. Mume wangu alikuwa zamu, shule ilikuwa imefungwa, nikaenda na Zai. Yule mkaguzi akaweka kifaa chake ukutani kule chini, akasema pakavu, waliokuwemo walipaziba vizuri. Zai akawa anazunguka mule akipanga kitanda cha bibi kitakaa wapi na televisheni itakaa wapi. Halafu akaniambia kwa Kiingereza chake kwamba na yeye atahamia huku chini alale na bibi. Alisema kwa furaha, wala hakuwa na nia mbaya. Niliumia.

Jioni tukiwa mezani mume wangu akauliza, "Enhe, mkaguzi kasemaje?"

Nikajibu bila hata kumeza mate, "Basement ina unyevu. Mama na pumu yake, atalala wapi mule?"

Mume wangu akaweka kijiko chini. Akasema, "Basi. Tuchukue condo." Zai siku hizi Kiswahili haongei, lakini anakielewa chote. Alinikazia macho mpaka nikainuka kwenda kuosha sahani ambazo watu walikuwa bado wanazilia.

Kesho yake akanifuata jikoni kuniuliza kwa nini nilidanganya, mbona yule bwana alisema pakavu. Nikamwambia mambo ya wakubwa ayaache, na asimwambie baba yake. Akasema hatasema. Mimi ninayempeleka kanisani kila Jumapili ndiye niliyempa siri hiyo aibebe.

Jumapili mume wangu akampigia mama yake kumweleza, akaweka sauti ya juu tusikie wote. Mama mkwe hakulalamika. "Msihangaike na mimi, baba," alimwambia mwanawe. "Mkwe wangu anafanya kazi ngumu, mtafutie hapo pasipo theluji naye apumzike. Haya, nipe mjukuu wangu nimsikie."

Zai akakataa kushika simu. Nikamvuta pembeni kumbembeleza, akaninong'oneza kwamba hawezi kuongea na bibi huku anajua. Akaingia chumbani akafunga mlango. Tukamwambia bibi kwamba Zai ana masomo mengi. "Mwacheni," akasema, "anakua. Watoto husahau." Nilichokuwa nakitaka si ndicho hicho, mtoto asimkimbilie bibi yake? Nimekipata.

Ijumaa tunatia saini ya condo. Ile nyumba bado haijapata mnunuzi. Nikisema ukweli, mume wangu atajua ameoa mtu wa namna gani. Nikinyamaza, mwanangu anajua tayari. Matusi andikeni, nayastahili, lakini katikati ya matusi mniwekee na ushauri. Maana leo asubuhi yule mama amenitumia ujumbe wa sauti, mimi peke yangu, anasema, "Mama Zai, wewe ndiye unayeishi naye. Niambie ukweli, mwanangu, mjukuu wangu nimemkosea nini?" Nimeusikiliza nikiwa ndani ya basi naenda kazini, na mpaka sasa sijamjibu. Nishaurini ndugu zangu, nimjibu nini?