Fomu ya Rohojuu

Wifi yangu, dada wa mume wangu, tunakaa naye, na kiwandani wanamwita Rohojuu. Jina limemkaa. Atafunga mlango, afike barabarani, arudi kuusukuma aone kama umefunga kweli. Miaka kumi na mmoja anapiga pasi mashati ya sare kwa kusimama, mpaka miguu imevimba. Daktari alimwambia waziwazi: ukiendelea kusimama hivi, hutasimama tena.

Ikatoka nafasi moja ya ukaguzi. Kazi ya kukaa! Unageuza shati, unatafuta uzi uliochomoza na kifungo kilicholegea. Jamani, nani angemshinda wifi? Ila fomu ilimtaka mtu aeleze tabia yake kwa Kiingereza, nusu ukurasa, na dirisha la ofisi lingefungwa Ijumaa saa sita mchana.

Mimi nimewahi kufundisha Kiingereza shule ya msingi, basi tukaketi mezani. Nikamwandikia kwamba yeye ni mtu makini.

"Futa, wifi," akasema. "Mimi si makini. Mimi naogopa tu."

"Nani ataajiri mwoga? Usijitie kitanzi mwenyewe. Nakili hivyo hivyo!"

Akanakili mara nne, eti herufi imepinda. Ijumaa saa nne akaipeleka. Nikashusha pumzi.

Kumbe! Saa sita kasorobo karudi dirishani. Roho ilimsuta kwamba ametia saini uongo. Akamwomba karani amrudishie karatasi abadilishe neno moja tu, naye akampa. Wifi akakaa kwenye ngazi, akalikata lile "makini", akaandika kwa Kiingereza chake mwenyewe kwamba ana wasiwasi, kila siku, tangu utotoni, na ndiyo maana hakuna kasoro inayompita. Akaisoma kuhakikisha. Akaisoma tena. Alipokuwa anaisoma mara ya tatu, dirisha likafungwa. Akaligonga sana.

"Mama, muda umekwisha," karani akajibu kwa ndani.

Nilimfokea, Mungu anisamehe. Alinipa karatasi tu. Niliisoma kwa hasira, nikitafuta kosa la Kiingereza nimwoneshe. Sikuliona hata moja, nikalia.

Jumatatu alivaa ndala za kaka yake, maana viatu vyake havimwingii tena, akaenda kupiga pasi. Alipofika barabarani, akarudi kuusukuma mlango.