Kinyumenyume Uani kwa Mkwe

Asegelile wa Ipyana alipata kuwa na ng'ombe mmoja tu, na ng'ombe huyo hakupewa na mtu. Mama yake, mfinyanzi wa Ikombe, alimfundisha udongo tangu utotoni. Kila mavuno Asegelile alibeba vyungu kichwani hadi Ipinda, na kila chungu alikitoa kwa mpunga wa kukijaza. Misimu sita alijaza na kumimina, hata mpunga ukatosha kununua mtamba mwekundu.

Mumewe Tuntufye alipokuwa hai, hakuna aliyesema neno. Alipokufa, mdogo wake Lutengano akaja kumrithi mjane.

"Nimebatizwa, shemeji," Asegelile alimwambia. "Sirithiwi kama jembe."

Kesho yake Lutengano alimswaga ng'ombe hadi zizini kwake. Wazee wa baraza walipoombwa waamue, walimwambia Asegelile arudi jikoni, mali ya marehemu ni ya ukoo. Miaka miwili akawa anamwona ng'ombe wake akipita njiani, maziwa yake yakinywewa na wengine. Hakulia. Machozi yaliingia ndani yakawa nyongo.

Basi, miaka michache baada ya vita vya Hitla, lilikuja gari la serikali na Mzungu mwenye mashine ya picha zinazotembea. Alitaka mchezo wa kuchekesha: mwizi aibe ng'ombe, mwenyewe amfukuze majarubani, mwizi aanguke matopeni. Mkalimani wake alikuwa Salim, mwenye duka wa Ipinda, ambaye babu yake alitoka pwani. Lutengano, mpenda sifa, alijitolea kuwa mwizi. Ng'ombe pia akamleta yeye. Yule mwekundu.

Asegelile akatoka katikati ya wanawake. "Mwenye ng'ombe nitakuwa mimi."

Wanawake walitazamana. Lutengano alicheka akashika mbavu. "Mwacheni! Shemeji amezoea kunifukuza."

"Sikiliza, mama," Salim alisema. "Yeye anatokea pale migombani na ng'ombe. Wewe unapiga yowe, unamkimbiza. Akifika mferejini anaanguka."

"Akishaanguka?"

"Unamchukua ng'ombe, unakwenda zako."

"Na watu wanaona?"

"Hawa ni wachache. Mpaka Tukuyu wataona."

"Haya," alisema Asegelile, akajifunga kitambaa kiunoni mara mbili.

Salim aliposhusha mkono, Asegelile alipiga yowe ambalo halikuwa la mchezo. Akina mama waliokuwa wakicheka walinyamaza kwanza, kisha wakacheka zaidi, wakidhani ndiyo ufundi wenyewe. Lutengano alikimbia kwa madaha, akiinua magoti juu kama jogoo, akiwapungia watu mkono. Kisha akageuka nyuma amtazame mwenzake wa mchezo.

Akaona uso wake. Madaha yakamtoka.

Alipofika mferejini hakuanguka. Aliuruka, akamchapa ng'ombe, akakata kushoto kuelekea kwa baba yake. Mzungu alipiga kelele. Salim aliikunja kanzu akawafuata, matope yakimrukia usoni. "Si huko! Anguka, bwana! Anguka basi!"

Asegelile alikuwa karibu kuushika mkia. Mpunga ulimkata miguu, pumzi ikamchoma kifuani. Lutengano alipenya upenyo wa ua wa matete, ng'ombe naye akapenya, na Asegelile akasimama ghafla kama aliyefika ukingoni mwa shimo.

Huko ndani alikuwamo mkwewe.

Tangu siku aliyoolewa, miaka ishirini na miwili, Asegelile hakuwahi kuonana uso kwa uso na baba wa mumewe. Akimsikia njiani, alijitupa majanini hadi apite. Jina lake hakulitamka. Ndivyo walivyofanya wanawake wote wa Kinyakyusa aliowajua, na aliyekosea alipata aibu ya kufa nayo. Sasa alimsikia mzee akikohoa kule ndani, akichonga mpini.

"Karibu, shemeji!" Lutengano alisema kwa kuhema. "Ingia. Baba yupo, mtasalimiana."

Watu walikuwa wamefika. Hakuna aliyecheka. Veronika, jirani yake, alimshika mkono. "Rudi, dada. Ng'ombe ni ng'ombe tu."

Asegelile alijifungua kitambaa kiunoni, akajifunika kichwa na uso mpaka kifuani. Akageuza mgongo.

"Naingia!" alipaza sauti. "Asiyetaka kuonana nami aondoke!"

Akaingia kinyumenyume, hatua kwa hatua, akipapasa ardhi kwa kisigino. Mwiko ule ulimfunga mzee vilevile. Kigoda kilianguka, mpini ukaanguka, na mtu mzima aliyeogopwa Ipyana nzima akasikika akipasua migomba kwa mbio.

Asegelile alinyoosha mikono nyuma. Akagusa ubavu wa moto, akapanda hadi shingoni, akaipata kamba. Hapo mkono wa Lutengano ukamkamata.

"Achia."

"Nivute," alisema Asegelile chini ya kitambaa. "Nivute, shemeji, nigeuke. Nifunue uso, nimwangalie baba yako pale migombani mpaka nitosheke. Kisha uwaeleze wazee ni nani aliyenigeuza."

Ng'ombe alipumua. Vidole vya Lutengano vilibaki kwenye kifundo cha mkono wake kitambo, kisha vikalegea kimoja kimoja.

Alitoka na ng'ombe. Nje Salim alikuwa ameshika magoti akitweta.

"Mama, ndaga fijo, asante sana, umefanya vizuri mno! Ila Bwana anasema mashine haikuona kitu, mlikimbilia kusiko. Mpe tena kamba, aibe upya."

Lutengano aliyetoka nyuma akanyoosha mkono haraka. "Ndiyo, shemeji. Ni mchezo tu."

Watu wote walimtazama Asegelile. Alizungusha kamba kwenye mkono wake hadi ikambana.

"Mtafutieni ng'ombe mwingine," alisema. "Huyu ana mwenyewe."

Veronika akaenda kusimama upande wake, kisha mwanamke mwingine, kisha mwingine. Lutengano akashusha mkono.

Picha ilipoonyeshwa Ipinda mwaka uliofuata, waliokwenda walisema mwizi alianguka mferejini kama alivyoambiwa, na aliyemfukuza alikuwa Veronika, na ng'ombe alikuwa mweusi, wa kuazima. Watu walicheka hadi wakatoka machozi. Asegelile hakwenda. Ng'ombe wake alikuwa akizaa jioni ile, na ndama alitanguliza miguu ya nyuma.